Mwezi Gani Mzuri wa Kwenda Ngumbo

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza mno. Kila Jumapili baada ya ibada kuna anayenishika mkono mlangoni: "Mama Joi, safari ya Nyasa ilikuwaje? Na mama mbona hukurudi naye?" Nimejibu "tulifika salama" mpaka jibu lenyewe limenichosha. Basi nimekaa nikaandika. Someni mpeane, halafu mniache nitoke kanisani kwa amani. Nawaonya mapema kwamba bado nina hasira, na mwenye kutaka hadithi ya watu kupunga upepo ufukweni akatafute kwingine.

Korogwe, kila mtu na mwezi wake

Mama mnamjua. Wasiojua ni kwamba si mtu wa huku. Alizaliwa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, na marehemu baba alimleta Korogwe akiwa binti mbichi, enzi zile watu wa kusini wakija kukata mkonge. Tangu hapo alirudi kwao mara moja tu, kumzika mama yake.

Mwaka huu macho yamemwishia. Ni presha ya macho, ile inayokula kidogo kidogo kutoka pembeni, mtu haumwi popote mpaka siku anagonga mlango uliokuwa wazi. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, ila yeye hatoi ahadi. Akaongeza kwamba kama kuna kitu mama anatamani kukiona, tusikae. Nilidhani mama atataja wajukuu zake walioko Mwanza. Alijibu papo hapo: "Nataka kuiona ng'ambo."

Ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa, Malawi. Ukisimama ufukweni Ngumbo unaona milima yake, na katikati ya milima miwili kuna pengo. Bibi yangu, mama yake mama, alizaliwa chini ya pengo lile, akavuka ziwa kuja kuolewa, hakuvuka tena. Alikuwa akiwapanga watoto wake mchangani anawaonyesha kwa kidole: kwetu ni pale. Mama ametusimulia pengo hilo utoto wetu wote. Sasa alitaka aliangalie mara moja kabla giza halijafunga.

Kuuliza si ujinga, nikauliza. Sisi huku tuna masika na tuna vuli, na Januari ni jua kali, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeweka moyo wangu Januari. Jirani yetu anayeendesha fuso la mizigo akanicheka. "Kusini mvua ni moja tu, Mama Joi, inaanza Novemba inakwisha Aprili au Mei. Januari utalala kwenye tope. Nenda kiangazi." Mtoto wa mzee wa kanisa, yule anayetembeza wageni wa Kizungu, naye akasema vivyo hivyo: nchi nzima, msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, hata wageni wote ndipo wanapokuja. Mwalimu wetu wa kwaya akanitahadharisha kuhusu Juni na Julai, kwamba Njombe baridi itamuua mama, na ziwani upepo wa mwera unageuza mitumbwi. Tukabaki na Septemba. Kavu, haina baridi sana, haina mwera mkali. Mwezi safi.

Lakini sikuishia hapo, na hili nataka mlishike. Nilimpigia simu mama mdogo Edina, mdogo wake mama, ambaye hajawahi kuishi popote ila Ngumbo.

"Mama mdogo, shikamoo. Tukija na mama, mwezi gani ni mzuri?"

"Marahaba mwanangu. Mtu kwenda kwao kuna mwezi? Njooni wakati wowote."

Nikapiga tena wiki nyingine, jibu lile lile. Mara ya tatu nikaweka wazi kabisa. "Mama mdogo, tunataka kuja Septemba. Mama macho yake yanakwisha, anataka kuiona ng'ambo kabla hayajakwisha."

"Septemba ni vizuri sana. Karibuni, tunawasubiri."

"Na ng'ambo ataiona?"

"Kwa nini asiione?"

Ndivyo alivyosema. Basi tukaenda.

Mpaka Makambako, na yule mama wa dawa

Sitawachosha na habari za Chalinze na Morogoro, wote mmepita. Mama nilimweka dirishani, akashikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili akisoma nchi. "Yale ni mahindi?" "Ni mahindi, mama, yamekauka." "Yule ni ng'ombe au jiwe?" "Jiwe." Alikuwa anacheka mwenyewe kila akipatia. Kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni alipatia yote.

Kiti cha pili aliketi mama mmoja mwenye kapu, akatusikiliza kutoka Mikumi hadi Iringa bila kusema neno, kisha akaniinamia. "Mnakwenda kwa yule mtaalamu wa Wanging'ombe?"

"Hapana, dada. Tunakwenda kusalimia."

"Usinifiche. Na mimi nilimpeleka shemeji yangu. Anaweka majani kwenye jicho, kinatoka kitu cheupe, mtu anaona."

Nikamweleza kwamba mama yangu ana daktari, ana dawa zake kwenye chupa, na anakwenda kuwaona ndugu. Akaona ninaona aibu. Kila nilivyokataa ndivyo alivyozidi kunionea huruma, na alipokaribia kushuka akawaeleza abiria wa nyuma namna ya kutusaidia tushuke Wanging'ombe. Kijana mmoja alikwisha kuuteremsha mzigo wetu kutoka juu! Niligomba katika basi lile mpaka sauti ikakwama. Mama alikuwa anatabasamu tu. Alisema yule mama ana moyo mzuri.

Baada ya Mafinga mama akaniomba nifute kioo. Nikafuta kwa ncha ya kanga. Akasema bado kichafu. Nikafungua dirisha kidogo, nikatazama nje. Kioo hakikuwa na kosa. Milimani watu walikuwa wanachoma moto, mistari ya moto mirefu kwenye nyasi, na anga lote lilikuwa rangi ya majivu. Nikamwambia ni moshi wa mashamba, utabaki huku huku juu.

Njombe, msimu wa viazi

Makambako tulilala, asubuhi tukapanda basi la Songea. Njombe baridi ilitukuta na vitambaa vya Korogwe. Nilikuwa nimejaza begi madera kwa sababu ya joto la ziwani, na sweta nilileta moja, nikamvika mama. Mimi nikajifunga shuka la kitandani, na sioni haya kulisema.

Basi likasimama nje ya mji karibu na marundo ya magunia. Nikadhani abiria wanashuka kuchimba dawa vichakani. Kumbe kondakta alikuwa amekubaliana na watu wapakie viazi. Wakapakia juu, wakapakia buti, wakapakia njiani katikati ya viti, mpaka mama yangu akawa anakanyaga gunia. Jua likatukuta hapo, likapanda, sisi tumekaa.

"Kaka," nikamwambia kondakta, "sisi ni abiria au ni viazi?"

"Mama, huu ni msimu. Vumilia."

"Msimu wa nani?"

"Wa viazi, mama."

Hakuwa na kiburi hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera. Angenijibu ovyo ningepata pa kuanzia. Tulinunua viazi vya kuchemsha na chumvi kutoka kwa dada mmoja dirishani, vitamu kweli, nikavila kwa hasira. Tulifika Songea giza limeingia, tukalala kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi.

Mbinga na Namswea, kwa Mzee Dominikus

Kutoka Songea hadi Mbinga ni lami, na nilianza kumsamehe Mungu. Mbinga mjini nikakuta hakuna chumba. Msimu tena! Kahawa ilikuwa inamalizikia, wanunuzi na madereva wamejaa kila nyumba ya wageni, na dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kwamba ningekuja Februari ningechagua kitanda. Ikabidi nimpigie Mzee Dominikus, mkwe wetu. Ni Mmatengo, mkulima wa kahawa wa Namswea, aliyemuoa binamu yangu Agripina. Akatufuata mwenyewe na gari la kukodi.

Nyumbani kwake kahawa imeanikwa kwenye vichanja vya waya mpaka mlangoni, watu wanapita kwa kujibana. Tulipewa maji ya moto ya kuoga, ugali, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na kuku ambaye nilimwona akikimbia wakati tunaingia. Mama alikula akasifu. Agripina alikuwa anakohoa, Dominikus anakohoa, nikauliza kama ni mafua.

"Ni moshi," akasema Dominikus. "Lakini sikiliza, shemeji, moshi huu si wetu. Sisi Wamatengo hatuchomi. Nyasi tunazikata, tunazipanga, tunazifukia ndani ya ngoro zinakuwa mbolea. Kesho nitakuonyesha." Kweli asubuhi alinipeleka kwenye mteremko wa shamba lake, mashimo ya ngoro yamepangwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi bondeni, maji ya mvua yanatua humo, udongo hauendi popote. Nilivutiwa, nikiri. "Wanaochoma ni watu wa bondeni na wa ziwani," akamalizia. "Na wa Msumbiji."

Jioni ile ya kwanza tuliota moto jikoni. Akamuuliza mama, "Na huko ziwani, mama, mnakwenda kuona nini hasa?"

"Ng'ambo," mama akajibu. "Nataka kuiona ng'ambo ya Ngumbo."

Dominikus akasogeza kuni. Agripina akainuka akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu. Halafu Dominikus akasema, "Mtafika salama, mama. Barabara ni nzuri siku hizi."

Mimi nilikuwa naona usingizi. Sikuutilia maanani ule ukimya.

Kuteremkia ziwani

Barabara ya kushuka Mbamba Bay inazunguka milima, kona baada ya kona, na mama alikuwa ameuliza habari zake mapema. Alijua kuna mahali ukipinda ziwa linatokea lote chini yako. Akamwomba dereva asimame hapo. Dereva, kijana mstaarabu, akasimama. Nikamshusha mama, nikamshika mkono hadi ukingoni.

Chini yetu hapakuwa na ziwa. Palikuwa na weupe. Ukitazama sana unaona mstari wa pwani, mapaa machache ya bati, kisha maji kidogo, kisha hakuna tena kitu, kama mtu amefuta ubao kwa kitambaa kikavu. Mama alisimama muda, shingo mbele.

"Tabitha," akaniita kwa jina langu, "ni macho yangu au ni moshi?"

"Ni moshi, mama."

"Una hakika?"

"Hata mimi sioni."

Akashusha pumzi. Nikamgeukia dereva. "Moshi huu utaondoka lini?"

"Leo umezidi kidogo, mama."

"Kesho?"

"Mungu akipenda."

Mungu akipenda! Amezaliwa Liuli, amekulia kwenye mchanga ule, anaijua Septemba kama anavyojua usukani wake, akaniambia Mungu akipenda.

Kutoka Mbamba Bay tukapanda pikapu kuelekea kaskazini, barabara ya changarawe, vumbi juu ya moshi. Gurudumu lilipasuka mbele ya Liuli, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka tukila ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa Nyasa, wabichi wa asubuhi ile. Mama alipoweka mmoja mdomoni alifumba macho. Alisema hajawahi kumpata dagaa mwenye ladha Korogwe nzima, na kwamba amenivumilia miaka yote. Nilicheka. Ndicho kicheko pekee cha kweli katika safari hii, kwa hiyo nimekiandika.

Ngumbo

Mama mdogo Edina alitupokea kwa vigelegele barabarani. Dada wawili walishikana nyuso, wakapapasana mashavu, mmoja kwa sababu haoni vizuri na mwingine kwa sababu haamini. Kina mama wa kanisa wakaja na nyimbo zile zile tunazoimba sisi, maneno yale yale, sauti wamebadilisha. Nikasahau viazi, nikasahau dereva.

Asubuhi nikamwongoza mama mchangani. Mitumbwi ilikuwa imerudi, usipa umemwagwa juani, watoto wanafukuza ndege. Na mbele yetu, baada ya maji ya umbali wa kutupa jiwe, ule weupe. Mama aliuliza swali lile lile na mimi nikatoa jibu lile lile. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata akauliza mara mbili. Nilianza kuona kwamba hakuwa anaulizia hali ya hewa. Alikuwa anataka kujua amebakiwa na macho kiasi gani, na moshi ule ulikuwa umemfichia jibu.

Stanley, mtoto wa kwanza wa mama mdogo, alikuwa anashona nyavu kando. Nikamwendea.

"Kaka, moshi huu unaisha lini?"

"Moshi?" Akanitazama kwa mshangao. "Mpaka mvua, dada. Mvua za kwanza zikiosha, ng'ambo unaiona mpaka makorongo yake. Desemba, Januari, ndipo raha. Sasa hivi watu wanasafisha mashamba, huku, Msumbiji, na huko huko Malawi. Septemba na Oktoba hatuioni kabisa."

"Kila mwaka?"

"Tangu nizaliwe."

Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akacheka. "Nani asiyejua?"

Wenzangu, niliingia ndani kama nilivyo. Chakula kilikuwa mkekani, samaki mbasa mzima kwenye sahani, wageni wawili kutoka kanisani, na mama mdogo ananikaribisha. Sikukaa.

"Mama mdogo, ulijua."

"Nilijua nini, mwanangu?"

"Kwamba Septemba ng'ambo haionekani. Nilikuuliza mara tatu. Nilikwambia macho ya mama yanakwisha. Ukasema Septemba ni vizuri sana!"

Akaweka kijiko chini. "Ulikuwa umesema mnataka kuja Septemba. Nikwambie usije?"

"Ndiyo! Uniambie nisije! Uniambie Januari!"

"Mgeni anasema anakuja, wewe mwenyeji unamwambia hapana, kaa kwanza?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hapakuwa na ujanja machoni pake. "Na huyu ni dada yangu. Sijamwona tangu msiba wa mama. Nimwambie asije kwa sababu ya moshi? Angesema nina njaa, namkimbia. Angesema simtaki."

"Angesema asante!"

"Labda kwenu huko Tanga. Hapa asingesema asante."

Nilisema mengi ambayo sitayaandika. Nilisema heshima ya namna hiyo ni uongo uliovaa kanzu. Nilisema tumekula vumbi nchi nzima kwa ajili ya kuangalia majivu. Wale wageni wawili walitazama chini. Ndipo mama akagonga mkeka kwa kiganja.

"Tabitha. Unamfokea nani?"

Nikashusha kidole nilichokuwa nimemnyooshea mama mdogo.

"Kaa chini ule. Samaki anapoa."

Nilikaa. Samaki alikuwa mtamu, na hilo nalo lilinikasirisha.

Baada ya chakula mama akatoa hukumu yake. Harudi Korogwe. Atangoja mvua. Nilimkumbusha kliniki, matone, daktari, nikamwambia wazi kwamba mvua ikichelewa macho hayatachelewa. Alinijibu taratibu, "Nikirudi Korogwe nitaangalia nini? Mkonge?" Nikamwonyesha Stanley namna ya kuweka matone, asubuhi na jioni, chupa ikae mtungini penye ubaridi. Niliondoka bila kumuaga mama mdogo vizuri. Nilimpa mkono, basi.

Kurudi

Namswea nilishuka kwa Dominikus, na sikungoja hata maji ya kunywa.

"Shemeji, na wewe ulijua. Mbele ya moto pale, ulijua."

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

Akafikiri. "Ningekwambia, ungefanya nini? Ungegeuza. Mama angerudi Korogwe hajaona ng'ambo na hajamwona mdogo wake. Sasa amekosa kimoja."

Msidhani alinituliza. Mtu kuwa na jibu zuri hakumfanyi awe ametenda haki. Nilinung'unika kutoka Songea mpaka Morogoro. Nilipofika hapa nilimkasirikia dereva wa fuso, aliyeniambia habari za barabara wakati nilimuuliza habari za mama yangu. Nilimkasirikia yule kijana wa wageni wa Kizungu, kwa sababu Wazungu wake wanakuja kutazama simba, na simba hatazamwi kutoka ng'ambo ya ziwa. Kila mmoja alinipa mwezi mzuri wa mlangoni kwake. Nchi hii ni kubwa, na niliizunguka kwa kalenda ya watu wasiojua ninatafuta nini.

Simu ya Desemba

Mvua ilichelewa. Novemba yote nilikuwa napiga simu, Stanley ananiambia wingu limekuja limepita. Kisha asubuhi moja, nikiwa dukani napima mapazia ya mteja, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, anapiga kelele.

"Imenyesha! Usiku kucha, mwanangu, na leo ng'ambo imetoka yote! Mpaka miti! Dada yangu ameliona pengo, amelinyooshea kidole mwenyewe!"

Nilikaa juu ya mapazia ya watu nikalia. Nikaomba niongee na mama.

"Ngoja nisogee," mama akasema. Nikasikia hatua zake mchangani, polepole, kisha mawimbi. "Tabitha. Yalikuwa macho."

Nikaibana simu sikioni.

"Naona kweupe tu, kama Septemba. Niliwasikia wote wanashangilia, ile pale, ile pale. Edina alinishika bega akanigeuza, nikanyoosha kidole alikonigeuzia. Nikasema naliona. Alilia, mwanangu, alilia kama mtoto."

"Mama, kwa nini umemdanganya?"

"Amelala kwenye mkeka tangu nije, kitanda amenipa mimi. Tangu siku ile ulipomfokea, kila asubuhi anatoka nje kuangalia mawingu kabla hajasali. Nimwambie nini?" Akashusha sauti. "Wewe nimekwambia kwa sababu wewe hupendi kufichwa. Sasa na wewe usimwambie."

Akarudisha simu. Mama mdogo alikuwa bado anahema.

"Umesikia, mwanangu? Ameona!"

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na futi yake mkononi. Nikajifuta uso kwa pazia lake.

"Nimesikia, mama mdogo," nikasema. "Mungu ni mwema. Asante kwa kumtunza mama."

Pasaka mama anarudi, na mama mdogo Edina anamsindikiza. Atakaa nasi hadi barabara za kwao zikauke, na Jumapili nitamleta kanisani. Atawasimulia wote, mmoja mmoja, jinsi dada yake alivyoliona pengo la ng'ambo mvua ilipoosha. Mtamsikiliza mpaka mwisho. Mtasema Bwana asifiwe. Na atakayekunja hata uso, kwaya hii nitahama mimi au atahama yeye.